Mtu Aliyegeuza Mgongo Lamboni

Bugomora, Kyerwa
9 Juni 2024

Dada Speciose,

Shikamoo. Uisome barua hii ukiwa umekaa, maana najua magoti yako hayapendi habari ndefu. Msalimie shemeji Lameck pamoja na kikohozi chake, na Mama Niyigena hapo jirani, kama bado anakuja kuazima chumvi. Zaidi ya wote nisalimie mwanangu Uwizeye. Mimi nipo, ninakula, ninalala. Mvua huku zimekata na kahawa imeanikwa kila uwanja, hata kuku hawana pa kukanyaga.

Usihangaike kunipigia simu. Huku bondeni simu inashika mtandao wa ng'ambo ya mto, inameza salio kabla mtu hajasema haloo. Barua nampa kondakta wa gari la Omurushaka, naye anampa mwenzake anayekwenda Benaco, na kutoka pale Mungu anajua. Ikifika Kakonko imekunjamana na kunuka dagaa, ndiyo yangu.

Kwa Rwegasira nimetoka, kibarua cha shamba lake nimekiacha. Usiniulize kwa nini. Mtu anayekuita "wewe" miaka yote na jina lako analijua, huyo hafai hata kusimuliwa.

Sasa nina kazi ambayo nikikueleza utadhani nimeshinda kwenye pombe ya rubisi. Nasimama ndani ya maji. Basi. Kuna mama mmoja mtu mzima, Mama Joviana, alikuwa mwalimu wa sanaa huko Bukoba, amestaafu na kupanga nyumba hapa ili achore picha kwa rangi za mafuta. Anachora watu wakiwa nje, juani, pamoja na sura zao zinavyoonekana majini. Asubuhi nambebea mizigo hadi kwenye lambo la ng'ombe, naingia mpaka magotini na fimbo begani, nasimama kama mti hadi aseme toka.

Na maji yenyewe! Ng'ombe wanakunywa humo, wanakojoa humo, na mengine wanayaacha humo. Ruba wananing'ang'ania vidoleni. Juu kuna utando wa kijani kama mlenda uliolala siku tatu. Yule mama anautazama uchafu huo, anasema, "Celestin, ione hiyo nuru!"

"Mimi naona mavi, mama."

"Mavi nayo yana rangi. Usisogee."

Jioni moja alinipa brashi na kipande cha ubao nijaribu. Mkono huu umezoea jembe. Mtu niliyemchora alifanana na mhogo, na maji yake yalifanana na ukuta. Nilitaka kuutupa ule ubao, nikaona aibu.

Ni mimi mdogo wako,
Celestin Nsanzimana


Kakonko
21 Julai 2024

Mdogo wangu Celestin,

Marahaba. Nimeisoma nimesimama, kwa sababu kiti amekalia Lameck, na akishakaa hainuki mpaka chakula. Kikohozi chake kinakusalimia pia. Maharage tumevuna kidogo. Mama Niyigena haazimi tena chumvi, siku hizi anaazima sukari, amepanda cheo.

Nimecheka habari ya maji, halafu nikaacha kucheka. Hivi kweli mtu anatoka kwao aende kusimama kwenye mkojo wa ng'ombe ili achorwe? Kama shida ni kusimama, hata hapa kwetu tuna mahali pa kusimama.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Uwizeye anasoma mafundisho ya kipaimara, Askofu anakuja Januari. Ana miaka kumi na moja. Ulipoondoka alikuwa na minne. Juzi tunachambua mchicha akaniuliza, "Shangazi, baba ana sura gani?" Nikamwambia, kama yangu, ila weka ndevu. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Basi si nzuri sana."

Nilicheka mbele yake. Nilipoingia ndani sikucheka. Ile picha moja tuliyokuwa nayo, mchwa waliimaliza pamoja na sanduku. Mama yake ameshaolewa kwingine, hana cha kumwonyesha. Mtoto hana pa kukushika, Celestin. Wenzake wanamwambia hana baba, naye siku hizi hawabishii.

Nenda Omurushaka, mtafute mtu yeyote mwenye simu nzuri akupige picha, aitume kwa simu ya Lameck. Ni jambo la dakika moja. Na kama unaweza kuja mwenyewe Januari, njoo. Tangu mwaka juzi hujaandika neno "kuja". Nimeliona hilo.

Dada yako,
Speciose


Bugomora
25 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa kondakta mpaka akasahau ni ya nani, nikaipata mwanzoni mwa mwezi huu. Pole na maharage. Huku jua limekausha hata majani ya migomba, na vumbi linaingia kwenye uji.

Picha za simu sizipendi. Zinamfanya kila mtu aonekane kama amekamatwa na polisi. Nimemchorea Uwizeye picha kwa mkono wangu. Utaiona kwenye kifurushi.

Ilinichukua wiki tatu na imenichosha kuliko kulima. Mama Joviana hana maneno mazuri ya kumpoza mtu. Nilimchora mtu na vifungo vya shati, kucha na nyusi. Akaniambia, "Unaviona vifungo kutoka hapa?" Nikasema sivioni, lakini najua vipo. "Futa. Usichore unachokijua. Mtu wa mbali hana macho. Ni bega lenye jua na mgongo wenye kivuli." Nikafuta. Majini nikakosea tena. Nilidhani sura ya majini ni kivuli, nikailaza upande. Kumbe kivuli kinalifuata jua, lakini sura ya majini inashuka wima kuelekea kwako wewe unayetazama. Na shati likiwa jeupe juu, chini linapungua weupe. Mtu mweusi naye, chini anachujuka kidogo. Maji yanawachafua wote walingane. Hilo nilielewa bila kufundishwa.

Rangi zenyewe zinatia kichefuchefu. Zinanuka kama taa iliyozimwa, zinaingia kwenye kucha, ugali unanuka, mto unanuka. Mafuta ya kitani ya kulainishia yalikuwa yanaisha, sikutaka kumwomba mtu aliyenipa kila kitu, kwa hiyo nikaongeza ya kupikia. Mafuta ni mafuta.

Huyo aliyesimama lamboni ndiye mimi. Niko mbali kidogo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Placidia mwenye nyumba yangu amenifungia kwa majani makavu ya mgomba na kamba yake. Huku kila kitu kinafungwa hivyo, maharage, chumvi, mayai, na hakijawahi kuharibika kitu.

Celestin


Kakonko
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Hapa wazima, isipokuwa mbuzi mweupe, huyo tumemla. Lameck amepata dawa mpya, anakohoa kwa heshima kidogo.

Picha imefika. Sijui nianzie wapi. Ilikuwa inanuka maandazi. Niliiweka juu ya kabati, asubuhi nikakuta panya wamelamba mbingu yote ya upande wa kushoto. Halafu hayo majani yenu! Yalikuwa yamegandana na rangi kama plasta kwenye kidonda. Placidia wako afunge mayai. Picha aache.

Uwizeye hakutaka nimsaidie. Alikaa mlangoni akabandua jani moja moja kwa ukucha na mate. Fimbo ikaonekana. Shati likaonekana. Maji yakaonekana, na kusema kweli maji ni mazuri, mtu unaweza kuhisi baridi. Alipofika kichwani jani likatoka pamoja na uso wote. Pamebaki kitambaa kitupu. Alilia sana. Kisha akaacha kulia, akalishika lile jani akaliinua kwenye jua akitafuta sura yako upande wa pili. Amelihifadhi ndani ya daftari la dini.

Basi mchoree nyingine. Usiwe mbali. Uwe karibu kabisa, na picha iwe imekauka.

Na neno jingine. Kijana wa Mama Niyigena alipita Omurushaka na lori la ndizi. Anasema aliona mtu anayetembea kama wewe, kavaa kofia imeshuka mpaka puani. Akamwita, "Kaka Celestin!" Yule mtu akavuka barabara kwenda upande wa pili. Je, alikuwa wewe?

Speciose


Bugomora
27 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Mpe pole Uwizeye kwa ule uso. Haukuwa kitu kikubwa.

Mafuta ya kupikia hayakauki, sasa najua. Mama Joviana alipopata habari alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akalowesha miwani. Baadaye akanipa chupa nzima ya mafuta ya kitani. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Jua la huku ni kali, kofia kila mtu anavaa.

Picha ya pili nimeianza, na niko karibu kama ulivyotaka. Nimeegemea fimbo, nimewapa mgongo, lakini usihofu. Uso utauona majini. Nimeuchora pale chini, miguuni pangu, unatazama juu, macho mawili, ndevu, kila kitu. Nimeuchora kwa kukumbuka tu, kama ulivyokuwa tulipoagana stendi. Nafikiri ni akili nzuri niliyoipata. Mtu anageuza mgongo na bado anaonekana.

Kazi nyingine ni ile ile. Jana ndama alikufa lamboni, wakamvuta nje, na mimi nikaambiwa nirudi majini kabla nuru haijaondoka. Nimeanza kuichukia hiyo nuru.

Celestin


Kakonko
17 Novemba 2024

Celestin,

Salamu leo ni fupi, unisamehe.

Unajua Novemba Wakristo wanaandika majina ya marehemu wao kwenye bahasha ili yasomwe katika Misa. Mimi niliwaandika baba na mama. Jumapili iliyopita katekista Evaristi anasoma, sisi tumeinamisha vichwa. Akasoma baba. Akasoma mama. Akasoma mtoto wa jirani. Kisha akasoma, "Celestin Nsanzimana."

Lameck alikohoa hadi nje. Mimi nilibaki nimeshika benchi. Watu walinigeukia, wengine wakaanza kunipa pole pale pale, Mama Niyigena akaja kunikumbatia akilia, "Mbona hukuniambia, shoga yangu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nikamwita Uwizeye, maana ndiye aliyepeleka bahasha. Nilikuwa na fimbo mkononi. Nikamuuliza, umefanya nini? Akanijibu taratibu kabisa, hata hakuogopa: "Shangazi, mtu asiyekuja, asiyeonekana, na hata akichorwa hana uso, ni nani? Nilidhani mnanificha."

Fimbo niliiweka chini.

Nimechukizwa na wewe, nakwambia kama dada. Unaniandikia habari za ruba na utando wa kijani. Nilikuuliza kama ulikuwa wewe pale Omurushaka, ukanijibu habari za jua. Sitaki picha nyingine yenye mgongo. Niambie kitu kimoja tu: una nini?

Speciose


Bugomora
8 Desemba 2024

Dada Speciose,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma lamboni nikiwa ndani ya maji, na Mama Joviana alinifokea kwa kutikisika. Wasalimie wote. Waambie waliokupa pole kwamba nimezipokea.

Yule wa Omurushaka alikuwa mimi.

Mwaka juzi Rwegasira alitaka ghala lipakwe chokaa. Mimi nimeinama juu ya pipa, naloweka chokaa ya mawe kidogo kidogo. Akaja kasimama juu yangu: "Wewe, mimina maji yote, tunachelewa." Nikamimina. Ikachemka ikanirukia usoni. Jicho la kushoto limekuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Ngozi kuanzia kwenye nyusi hadi kwenye taya imejikunja kama ule utando wa maziwa yaliyopoa, na mdomo umevutwa upande, nikinywa uji unachuruzika. Yeye alisema nilizembea. Nikakaa kwake mwaka mzima zaidi nikiwa hivyo, kwa kuwa sikuona pa kwenda. Watoto wa hapa wanapiga kelele na kukimbia. Wakubwa hawakimbii, wanatazama viatu vyao. Nisingeweza kumpelekea mtoto kitu kama hiki siku ya kipaimara.

Kwa hiyo Uwizeye asijilaumu kwa lile jani. Halikuchukua uso wowote. Pale nilikuwa nimeweka tone moja la kahawia. Nilipoambiwa mtu wa mbali hana macho, dada, nilifurahi. Niliona nimepata kazi inayonifaa.

Ile picha ya pili nilimwonyesha Mama Joviana. Akauliza, "Huyu mwenye mgongo ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa majini anayenitazama?"

"Ni mimi pia, zamani."

Akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Maji yanaonyesha upande ule ule unaouona ukiwa umesimama hapa. Mtu akikupa mgongo, na wa majini atakupa mgongo. Nenda kasimame, nitakuonyesha." Nikasema sina haja, ninajua. Najua kwa sababu kila asubuhi nikiinama pale uso wangu huu huwa umelala juu ya mavi ya ng'ombe, unanitazama, na sijawahi kuuona mwingine. Akasema, "Basi ukitaka uso wako uonekane, itabidi ugeuke." Hajawahi kuniuliza nilipataje hivi. Siku hiyo pia hakuuliza.

Niliikwangua kwa kisu.

Sasa ni msimu wa senene, wanatua kwenye rangi mbichi na kunasa. Mmoja alikufa katikati ya anga yangu. Placidia alimbandua akamtia mdomoni na rangi yake. Nikapiga kelele. Akasema, "Tulia, rangi ya anga haijaua mtu." Watu hawa wanaweza kula kitu chochote. Ila ni yeye peke yake anayenitazama usoni akinipa sahani.

Mwambie mtoto unachoona kinafaa. Mimi sitakuja.

Celestin


Kakonko
29 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Noeli imepita, tulikula wali na jogoo mzee, meno yanatuuma bado.

Nilimsomea Uwizeye barua yako yote, na yai, na maziwa, na uji unaochuruzika. Usije ukaniambia nimekosea, umesema nichague. Alisikiliza huku anasuka mkeka. Nilipomaliza akauliza, "Hilo jicho lingine linaona?"

Nikamwambia linaona.

"Basi atanijua."

Halafu akachukua kanga yake akaenda kwa katekista, akamwambia baba yake afutwe kwa wafu. Evaristi akasema, mwanangu, majina yakishasomwa hayafutwi. Uwizeye akamjibu, "Basi Jumapili msome kwa walio hai, na wewe usome kwa sauti ile ile." Akasomwa! Mama Niyigena amenikasirikia, anasema nilimliza bure.

Kipaimara ni tarehe kumi na tisa. Lile jani amelitoa kwenye daftari, amewashia moto wa chai.

Wewe unaichukia sura yako. Sisi hatujaiona, kwa hiyo zamu yetu bado. Hata kama tutachukizwa, tutachukizwa ukiwa umekaa kwetu.

Speciose


Omurushaka
12 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye gunia la mtu, nasubiri gari la kuja huko. Hii nampa kondakta wa gari la mbele, itanitangulia kidogo.

Nimegeuka. Nilisimama lamboni nikitazama nyumba ya Mama Joviana, nikatazama uso wangu majini, nikatoka nikachora, nikarudi kutazama, hivyo hivyo mpaka ruba wakashiba. Picha haijawa nzuri. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Maji ndiyo yamenishinda safari hii, lakini uso nimeuchora karibu, upande wa kulia na upande wa kushoto. Mama Joviana aliitazama, akaiweka mbali, akarudi akaitazama tena. Akasema, "Sikio limekaa juu mno."

Uso wa kwenye picha una rangi nene, bado mbichi, na nimekataa majani. Nimeubeba mikononi wazi wazi tangu Bugomora. Kondakta amesema nifunge hicho kitu, abiria hawapendi kukitazama. Nimemwambia wanitazame mimi basi, na kofia nimeivua. Sasa anatazama viatu vyake.

Msinipikie uji.

Na umwambie Uwizeye: nikifika asiuguse uso wa kwenye picha, haujakauka. Huu wangu ulikauka zamani. Huu anaweza.

Celestin